Wimbo wa Kiranja Mkuu

Nilimchukia kiranja mkuu wa shule yetu kwa miaka miwili mfululizo, bila kupumzika hata Jumapili. Nasema mapema, asije mtu akasoma hapa akingoja habari za kusameheana. Rafiki yangu mmoja, mlokole, huniambia kwamba chuki ni mzigo. Ni kweli. Lakini sisi wa Nyanungu tulilelewa tukibeba maji, kuni na samadi kichwani, na mzigo uliokaa sawasawa mtu huenda nao mbali.

Mambo yalianzia kwenye daftari la mwalimu. Nilikuwa darasa la nne. Kijiji kilikuwa kipya, tumehamishwa kutoka milimani na kupangwa kwa mistari, na shule ilikuwa imepokea mwalimu mgeni, kijana kutoka mikoa ya kusini ambaye hakujua Kikurya hata cha kuombea maji. Siku hiyo alikuwa anajaza daftari lake: jina la mtoto, jina la baba, kazi ya baba. Kila mtoto anasimama na kujibu, mkulima, mkulima, mfugaji, mkulima. Zamu yangu ilipofika nikataja jina la bibi yangu.

"Hilo ni jina la mwanaume?" akauliza.

"Hapana, mwalimu. Ni bibi. Yeye ndiye aliyemwoa mama."

Kwetu hilo halikuwa jambo la kushangaza mtu. Bibi alifiwa na mumewe bila kupata mtoto wa kiume, lakini ng'ombe alikuwa nao. Akatoa mahari, akamwoa mama awe mke wa nyumba yake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa boma lake na jina la boma lisife. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Wazee walishuhudia, pombe ya ulezi ikanywewa, na mwanaume aliyenizaa hakuwa na dai lolote wala hakuna aliyemtaja. Mle darasani walikuwamo watoto wengine wawili wa nyumba kama yetu. Nilipojibu, wote wawili waliinamia madawati yao.

Mwalimu akaniambia nirudie. Nikarudia. Akacheka mpaka akakaa chini. Sidhani alikuwa na ubaya moyoni, alikuwa kijana tu aliyekutana na jambo geni, lakini darasa zima lilimwona akicheka, na kicheko cha mwalimu ni kibali. Kabla ya kengele ya uji habari ilikuwa imeshafika darasa la tano, kwa mvulana ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa ikituongoza kwenye mchakamchaka.

Siku ya shule wakati ule ilianza kwa mbio. Tulifika umande haujakauka, kila mtu na ufagio wake au kibuyu chake cha maji, tukajipanga, kisha shule nzima ikatoka mbio kukizunguka kijiji kwa kuimba. Tukirudi tunafagia, tunamwagilia bustani, wa zamu anampeleka ndama wa shule malishoni, wengine wanasomba mawe ya nyumba ya mwalimu, ndipo tunakaguliwa kucha na kuingia darasani tukiwa tumeshachoka. Mchana uji, jioni shamba la mahindi la shule. Nilipenda yote hayo. Nilipenda hata jembe. Kitu nilichokiogopa kilikuwa nusu saa ile ya kwanza.

"Mchakamchaka!" anaita.

"Chinja!" tunaitikia.

Halafu, tukishapita josho la ng'ombe ambako hapakuwa na nyumba za watu, anaanza wimbo wake alioutunga mwenyewe.

"Baba yake nani?"

"Bibi yake!"

"Anavaa nini?"

"Kaniki!"

Watoto zaidi ya mia, miguu ikipiga chini pamoja, na jina langu halikutajwa hata mara moja kwa sababu hapakuwa na haja. Ubaya wa mchakamchaka ni kwamba kutoitikia ni kosa. Viranja walikimbia pembeni na fimbo, na aliyefunga mdomo alichapwa miguuni huku huku akikimbia. Kwa hiyo niliitikia. Kila asubuhi, kwa pumzi yangu mwenyewe, nilisema kwamba baba yangu ni bibi na anavaa kaniki.

Mtu mmoja hakuitikia. Alikuwa mwenzangu wa dawati, binti mwembamba ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka upande wa Ringwani. Alikimbia amebana midomo, akachapwa, kesho yake akabana tena. Siku moja darasani niliziona alama miguuni mwake nikamwuliza kwa nini haimbi.

"Huo wimbo mimi siujui," akasema, akaendelea kuchonga penseli yake.

Alisema hivyo mwaka mzima, siujui, siujui, na wimbo wenyewe ulikuwa mistari minne tu. Mimi sikuwahi kumwambia asante. Niliona aibu mbele yake kuliko mbele ya wale walioimba.

Nilishtaki mara moja. Mwalimu mkuu, mzee wa kwetu kabisa, alinisikiliza akiwa anatia saini karatasi. "Mtoto wa Kikurya unalia kwa sababu ya wimbo?" akaniuliza. "Utani huo. Kanyweshe ndama." Nikaenda nikamnywesha ndama. Tangu siku hiyo niliacha kungoja mkubwa yeyote anisaidie, nikaanza kungoja siku yangu.

Nyumbani sikusema. Bibi angekuja shuleni na fimbo yake, wangemcheka na yeye, na hilo nisingeliweza. Na yule mvulana alikuwa mjanja. Mbio zetu zilipita mbele ya boma letu, lakini kabla hatujafika alibadilisha maneno. Mahadhi yale yale, ila sasa anasifu jembe na mbolea. Bibi alitoka mlangoni kututazama, akatupigia makofi. Aliyapenda mahadhi yale. Kiswahili hakukijua wakati huo, kwa hiyo aliyachukua bila maneno, akawa anayaimba puani akisaga ulezi jioni, nami nimekaa pembeni na bakuli langu, nikiyasikia maneno asiyoyajua. Nilifikiria namna nyingi za kumwumiza mtoto wa mtu. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Ikaja habari ya kisomo cha watu wazima. Serikali ilitaka kila mtu ajue kusoma, na mchana baada ya watoto kutoka, chumba chetu kilijaa wazee waliokunja magoti kwenye madawati madogo. Bibi alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mama alimwuliza anataka nini huko na umri wake.

"Jina langu liko kwenye kitabu cha mwalimu," bibi akasema. "Nataka nilione lilivyokaa."

Mwalimu wa kisomo alikuwa yule yule mgeni wa kusini. Kazi ilimzidi, na mimi sasa nilikuwa darasa la sita na mwandiko wangu ulisifiwa, basi akanifanya msaidizi wake. Niligawa vitabu, niliandika ubaoni, nilishika mikono ya watu wazima iliyozoea jembe nikaipitisha kwenye herufi a. Bibi alikishika Kiswahili upesi, ila kusoma alikuwa mzito. Alishika silabi moja moja kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, hainui mguu mpaka wa kwanza umetulia. Jina lake aliliweza baada ya miezi minne. Alipooneshwa daftari, aliweka kidole juu ya jina akakiacha hapo muda mrefu, halafu akasema mwandiko wa mwalimu si mzuri.

Nyota ya darasa lile alikuwa baba yake kiranja mkuu. Ndiyo, yule mvulana sasa alikuwa darasa la saba na utepe mwekundu begani, na baba yake alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mrefu mwenye koti la jeshi lililochakaa. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuhimiza watu waje kisomo, na yeye ndiye aliyesoma bila kukwama. Kitabu chetu kilikuwa cha ufugaji wa ng'ombe. Mzee alikishika mbali kidogo na uso, akasoma ukurasa mzima kwa sauti ya kutoa hukumu, na wenzake wakatikisa vichwa.

Huyu mzee hakunikosea chochote. Alikuwa mmoja wa wale walioshuhudia bibi akimwoa mama, na bibi alipoingia darasani mzee alimwita "mzee mwenzangu" na kumpisha kwenye dawati la karibu na dirisha, penye mwanga. Hili nilikuwa nalijua siku zote. Kosa lake kwangu lilikuwa moja tu, kuzaa.

Siku moja alikuwa anasoma ukurasa wa nane, habari za ndama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikaona amefunua kurasa mbili kwa pamoja bila kujua. Mbele ya macho yake palikuwa na picha ya josho, na maneno ya josho, na yeye anaendelea, "Ndama anyonye asubuhi, ndama anyonye jioni," kidole kinatembea juu ya mistari ya josho wala hakitetemeki.

Mzee hakujua kusoma. Hakujua hata herufi moja. Alikuwa amekariri kitabu chote kwa masikio, na mtu pekee aliyeweza kumkaririsha usiku na mchana alikuwa mwanawe. Nilisimama pale nyuma ya koti la jeshi nikahisi utamu mdomoni, kweli kabisa, kama nimelamba asali. Nilifunga kitabu chake kwa adabu na kusema, "Vizuri sana, mzee."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikaa na siri ile wiki tatu na sikumwambia hata mwenzangu wa dawati. Kila asubuhi kiranja akiimba niliitikia kwa nguvu kuliko wote, mpaka akageuka kunitazama. Nilikuwa namhesabia.

Tukatangaziwa kwamba wageni wanakuja kutoka wilayani kutazama kisomo na kupima watu. Mwalimu hakutaka kubahatisha. Alipanga mzee balozi asome kwanza, ukurasa wa kumi na mbili, aliokuwa anauweza kuliko yote, na mistari ya ukurasa huo iandikwe ubaoni kwa chaki ili wageni waione. Siku yenyewe wanakisomo wote walitoka nje kujipanga kupokea wageni, mwalimu akanipa kitabu na chaki mpya.

"Mistari minne ya mwanzo," akasema. "Herufi kubwa kubwa." Akakimbilia barabarani.

Nikaandika mistari minne. Nilipiga kwanza mistari kwa rula ili herufi zisipande wala kushuka, na sijawahi kuandika vizuri hivyo tena maishani.

Baba yake nani.
Bibi yake.
Anavaa nini.
Kaniki.

Nikapangusa mikono, nikasimama pembeni ya ubao kama msaidizi mwema.

Wageni walikuwa watatu. Mwalimu aliingia nao akitembea kinyumenyume kwa heshima, uso kwao na mgongo kwenye ubao, mwalimu mkuu nyuma yao. Wazee wakakaa. Masomo yalisimamishwa siku ile, hivyo watoto walijazana madirishani, na mlangoni alisimama kiranja mkuu na utepe wake, kazi yake kunyamazisha watu.

"Mzee wetu atatusomea," mwalimu akasema.

Mzee balozi akasimama, akachukua fimbo ya kuoneshea, akaiweka kwenye mstari wa kwanza. "Ng'ombe wa maziwa anataka majani," akasoma. Fimbo ikatembea taratibu juu ya *Baba yake nani*. "Ng'ombe wa maziwa anataka maji." Fimbo ikapita juu ya *Bibi yake*. Mwalimu, ambaye bado alikuwa ameupa ubao mgongo, alitabasamu kwa kila neno. "Zizi lake liwe safi. Ndama wake asikose maziwa."

Mimi sikumtazama mzee. Nilimtazama mwanawe. Aliona ubao mara moja, na nikaona anavyosoma, macho yake yakienda kwenye maneno yake mwenyewe na fimbo ya baba yake ikiwa juu yake. Mdomo ulifunguka. Alinigeukia. Sikuficha uso wangu, nilimwachia auone wote. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Kama kuna furaha nyingine kubwa kuliko ile, mimi sijaipata, na nimeolewa, nimezaa, nimejenga.

Mgeni mkubwa, mwanaume mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, alitazama ubao, akamtazama mzee, akatazama ubao tena. "Mzee, hebu rudia mstari wa kwanza," akasema kwa upole.

"Ng'ombe wa maziwa anataka majani," akarudia mzee, fimbo pale pale.

Madirishani wakaanza kucheka, kicheko cha puani cha watoto wanaoogopa. Ndipo mwalimu akageuka. Mzee alisimama katikati akihisi kwamba kuna jambo, akamtazama mwanawe mlangoni amwambie ni nini, na mwanawe akatazama chini. Hilo nalo nililiona. Nililikunja nikaliweka.

"Yupo mwingine anayeweza kusoma kilichoandikwa?" mgeni akauliza haraka, nadhani kwa nia ya kumwokoa mzee.

Bibi akasimama.

Wiki tatu nzima nilizopanga, nilifikiria macho ya kiranja, ya mwalimu, ya wageni, ya watoto. Sikufikiria macho ya bibi hata mara moja. Kwangu alikuwa bado mtu anayesoma jina lake. Alitoka kwenye dawati la dirishani na kaniki yake iliyofuliwa kwa ajili ya wageni, akaichukua fimbo kutoka kwa mzee mwenzake, mkono wa pili akamgusa bega akae. Akaweka fimbo ubaoni.

"Ba. Ba. Baba," akasoma. "Ya. Ke. Yake. Na. Ni." Akavuta pumzi, akayaunganisha kwa sauti ya ushindi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumsomea maneno hayo na ameyapata peke yake. "Baba yake nani!"

"Bibi yake!" wakaitikia watoto madirishani.

Sidhani walikusudia. Miaka miwili, kila asubuhi, ukisikia nusu hii unatoa nusu ile. Wadogo wa darasa la kwanza ndio waliopaza zaidi, kwa mahadhi kabisa.

Bibi hakugeuka. Alibaki na fimbo ubaoni, akasogea mstari wa pili akausoma kimya, midomo ikicheza. Akasoma wa tatu. Akasoma wa nne. Nikaona mkono wake usio na fimbo ukishuka na kushika kaniki yake pembeni, ukaishika tu. Kisha akarudisha fimbo mahali pake na kukaa.

Mgeni alisema mama huyu amefaulu, kwa kuwa ndiye aliyesoma kile kilichoandikwa, na hati yake ililetwa miezi miwili baadaye. Mimi nilichapwa na mwalimu wa kusini mpaka yeye mwenyewe akatoka jasho. Mzee balozi hakurudi tena kisomo, na msimu uliofuata ubalozi alimwachia mtu mwingine. Alipokutana na bibi njiani waliendelea kusalimiana, lakini "mzee mwenzangu" sikuisikia tena. Wimbo ulikufa siku ile ile. Kiranja mkuu alimaliza darasa la saba bila kuongoza mchakamchaka tena, na nilimwona mara moja tu ukubwani, mjini Tarime, dukani kwa mzee mmoja wa Kiislamu anayeuza vitambaa. Alinisalimu, "Dada, habari za siku nyingi." Nilikuwa nachagua kitambaa. Niliendelea kuchagua kitambaa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile, baada ya fimbo, bibi alinisubiri nje ya shule tukarudi pamoja. Nilitembea nyuma yake nikitayarisha maelezo yangu: kiranja, mwalimu, miaka miwili, yote. Nilikuwa tayari hata kujisifu. Tulipolipita josho akasimama.

"Walikuwa wanauimba lini?" akauliza kwa Kikurya.

"Kila asubuhi, bibi."

"Ule niliokuwa nawapigia makofi."

"Huo huo. Kwako walikuwa wanabadilisha maneno."

Akatazama mbele, kwenye njia. Nikafungua mdomo nimweleze habari za kiranja, lakini yeye hakutaka habari za kiranja.

"Na wewe," akasema, "ulikuwa unaitikia?"

Nilimjibu ndiyo. Akajifunga kaniki yake vizuri, akaendelea na njia, na mpaka tunafika nyumbani hakuniuliza lingine.